Nundu ya Pili

Treni ilipanda nundu ya pili, ikapunguza mwendo, ikasimama karibu kabisa na kilele kama mbuzi aliyefikishwa mlangoni mwa machinjio. Halafu ikarudi nyuma. Felista, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake ng'ambo ya kijito, akapuliza chai yake na kucheka.

"Imerudi tena?" Tulia, bintiye, aliuliza kutoka jikoni.

"Imerudi."

"Mama, unacheka shida za watu."

"Nacheka chuma. Chuma hakina moyo wa kuumia. Osha vyombo."

Ilikuwa Juni, na Lupepo yote ilikuwa imejifunika ukungu. Katikati ya migomba na mabaki ya shamba la chai la zamani, reli za mabomba mekundu za Ackson zilipanda na kushuka mlimani kama mshono wa kidonda. Watu waliziita treni ya michezo. Haikuwa na injini. Mnyororo uliyavuta mabehewa yake manne hadi juu ya nundu ya kwanza, ukayaachia, na kuanzia hapo treni ilijitegemea. Kimo cha nundu ya kwanza ndicho kilichokuwa chakula cha safari nzima: treni ilikula mara moja, kisha ikafunga hadi mwisho. Fundi mwenye busara hupima chakula hicho vizuri, akabakiza akiba. Ackson hakubakiza. Kwa kupenda sifa, nundu ya pili aliijenga karibu iwe sawa na ya kwanza, akaipiga picha, akaitangaza kwamba ndiyo itakayowatoa watu roho na kuwarudishia.

Felista alimjua Ackson vizuri kuliko alivyotaka. Walikaa dawati moja chuo cha ufundi, Mbeya, wakatoka na diploma moja, wakafanya kazi pamoja: Ackson akichora, Felista akichomelea. Miaka minne iliyopita walijenga treni ndogo ya watoto kwenye uwanja mmoja kule Makandana. Siku moja behewa liliruka kwenye kona na kuanguka. Mwalimu Winfrida, aliyekuwa amempakata mwanawe, alivunjika mfupa wa bega. Kabla vumbi halijatua, Ackson alisimama mbele ya watu akasema, "Kiungo alichochomelea Felista ndicho kilichoachia."

Maneno hayo yalitembea kuliko treni yenyewe. Wateja wa mageti wakapotea, wa madirisha wakafuata. Bagamoyo, mtaa wa mjini ilikokuwa karakana yake, vijana walitunga mzaha: geti la Felista halihitaji ufunguo, lipigie chafya tu. Alifunga karakana, akahamishia mashine nyumbani Lupepo, akabaki kuziba sufuria na kunyoosha majembe.

Naye aliujua ukweli. Kila behewa la treni ya aina ile lina magurudumu ya namna tatu. Ya juu hubeba uzito. Ya pembeni huzuia kuyumba. Ya chini huishika reli kwa tumboni, ili treni inapotaka kuruka iambiwe hapana. Magurudumu ya chini ya treni ya Makandana yalikuwa yakilia, watoto wakiogopa, na Ackson akayatoa. Felista aliyaona matundu matupu ya boliti kwenye fremu iliyoanguka. Alipokwenda kumtafuta mtu wa kumwonyesha, fremu ilikuwa imekwisha katwa na kupakiwa pamoja na vyuma chakavu.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Felista hakupoa. Alipika, alilea, alikwenda ibadani Jumapili akaimba sauti ya pili, na chini ya yote hayo hasira yake ilikaa kama makaa chini ya majivu.

*

Asubuhi iliyofuata, Ackson alikuja. Hakuja peke yake. Aliongozana na mjomba wake, mzee Ambindwile, aliyevaa koti zito na kofia ya sufu iliyofunika masikio.

"Mugonile," mzee alisalimia toka uani. "Mama Tulia, hatukuja kwa ubaya."

"Ubaya ulishatangulia siku nyingi, mzee wangu. Karibuni viti."

Walikaa. Ackson alikuwa amevaa viatu vilivyong'arishwa. Alitazama mashine ya kuchomelea iliyofunikwa turubai pembeni, akaondoa macho upesi.

"Vijana wa kazi wamegoma," mzee alianza. "Wanasema treni haikwami yenyewe. Lile dude lilipita vizuri mwezi wa kumi. Leo halipiti. Wanasema ni pumzi ya mtu."

Felista alielewa. Alizaliwa huko huko, hakuhitaji kufafanuliwa. Kinyongo cha jirani hakibaki kifuani mwake. Hutoka kama pumzi ya baridi, ng'ombe akakauka maziwa, mtoto akapata homa, shughuli ya mtu ikaganda. Dawa yake ni mwenye kinyongo kusema yote aliyonayo, kisha kujaza maji mdomoni na kuyapuliza chini. Hasira hutoka nayo.

"Kwa hiyo mimi ndiye breki," alisema.

"Usicheke, mwanangu. Hasira ikikaa ndani inaoza."

"Sicheki. Nauliza nijue cheo changu."

Ackson alikohoa. "Dada Felista, kama kuna mahali nilikukosea..."

"Kama?"

"Pale nilipokukosea."

"Ni wapi?"

"Mambo ya zamani, dada. Unayajua."

"Ninayajua. Nataka kusikia kama na wewe unayajua. Taja."

"Yalikuwa mengi," Ackson aliviambia viatu vyake.

Felista alimtazama. Huyu mtu alisoma somo lile lile la msuguano, kwa mwalimu yule yule, mara nyingine akimnakilia yeye. Sasa amekwama, amevuka kijito kuja kuomba mdomo wake. Akili yake hakuiomba. Angeiomba, angepewa jibu pale pale. Mwezi wa kumi kulikuwa na joto, na mabehewa yalijazwa magunia ya viazi badala ya watu, hadi pomoni. Sasa ni baridi. Grisi ndani ya beringi imekuwa nzito kama ugali wa jana, na kila treni ilipokwama, vijana waliishindilia zaidi. Magurudumu ya pembeni yamebanwa kwa springi ili watu wasitikiswe, na mbano huo hula nguvu ile ile treni ikiwa nzito au nyepesi. Treni nzito huvumilia. Nyepesi huishiwa njiani. Hayo yote Felista aliyaona kutoka kwenye ngazi yake, kikombe mkononi.

Hakuyasema. Wazo jingine lilimjia, tamu kama asali ya kuiba. Jumamosi ndiyo siku ya ufunguzi. Wageni wa wilaya wamealikwa, ngoma imeandaliwa, wanafunzi ndio watakaopanda kwanza, na wanafunzi ni wepesi kuliko viazi. Treni itasimama mbele ya umati mzima na kurudi kinyumenyume kama mbwa aliyekemewa. Wala mtu hataumia. Ni aibu tu, aibu safi, isiyomtoa mlipizaji hata tone la jasho.

"Nipeni hayo maji," alisema.

Mzee alimpa kikombe cha maji waliyokuja nayo. Felista alijaza mashavu, akainama, akapuliza kwa nguvu. Maji yalitua juu ya viatu vya Ackson.

"Imetoka," alisema, akijifuta mdomo.

Mzee Ambindwile alivitazama viatu vile kwa muda mrefu. "Imetoka yote, mwanangu?"

"Iliyokuwa mdomoni imetoka yote."

*

Ambalo Felista hakulitegemea ni jua.

Kesho yake, saa za mchana, ukungu ulifunguka ghafla na jua likashuka mlimani likiwaka kama la Kyela. Mabomba yakapata moto, grisi ikalegea, na treni ikapanda nundu ya pili polepole, ikasita, ikavuka. Vigelegele vilivuka kijito. "Felista amesamehe!" mtu alipiga kelele, na wengine wakadakia. Hadi jioni, wanawake waliopita na mikungu ya ndizi vichwani walisimama uani kumpa mkono.

"Ndaga, mama! Una moyo wewe."

"Ningekuwa mimi nisingeweza. Mungu akuzidishie."

Hakuna tusi lililowahi kumuuma Felista kama shukrani zile. Alikuwa ametoa msamaha wa uongo, na uongo huo umelipwa kama kweli. Ackson amepata treni yake, na yeye amepata sifa ya upole, nguo ambayo hakuiomba na isiyomkaa. Zaidi ya yote, sasa hawezi tena kumdai Ackson kitu. Nani humdai mtu aliyekwisha mpulizia maji?

Siku ya pili baridi ilirudi, na treni ikarudi nyuma kama kawaida yake. Felista alipumua. Jumamosi, alijiambia. Ngoja Jumamosi.

Jioni Tulia alirudi kutoka shule, akatupa mkoba kitini. "Darasa letu ndilo litakalopanda la kwanza, mama."

"Wewe hupandi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Na rafiki yangu Sauda?"

"Sauda ana mama yake."

"Mama yake anasema kama wewe umesamehe, basi chombo ni salama." Tulia alisema akichambua mboga, bila kumtazama. "Halafu sasa hivi hairudi mbali. Wana ujanja mpya. Kuna kaka mmoja, Jairo, alikuwa utingo wa lori. Wanasimama kwenye mteremko wa nundu na magogo. Ikianza kurudi wanaweka gogo nyuma ya gurudumu, halafu wengine wanasukuma. Kama lori lililoshindwa mlima."

Mkono wa Felista ulisimama juu ya sufuria.

"Wanasimama wapi?"

"Katikati ya reli. Nyuma yake."

Katika milima ile kila mtu amekua akiona lori likizidiwa, na utingo akiruka na gogo lake. Ni ujanja uliookoa roho nyingi. Lakini lori lina tairi la mpira, na barabara ni pana. Tairi hupanda gogo kidogo, likatulia. Treni ile imeishika reli juu, ubavuni na chini. Ikikutana na gogo, haina pa kwenda. Kitakachopisha ni gogo, au mkono wa aliyeliweka, au fremu yenyewe pamoja na waliomo. Felista aliiona picha nzima kwa mara moja, kama mchoro uliobandikwa ukutani: umati unapiga kelele, vijana wanasukuma kwa bidii ya kumfurahisha mgeni rasmi, utelezi wa manyunyu chini ya miguu. Aibu aliyoipika haikuwa safi tena. Ilikuwa na mifupa ndani.

"Nitolee mabuti yangu," alisema. "Asubuhi naenda kule."

"Kwa hiyo umemsamehe kweli?"

"Nimekuomba mabuti, Tulia."

*

Alifika vijana wakiwa wanaota moto. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi kwenye behewa la mwisho, akalala chali juu ya majani yenye umande, akajisogeza chini ya fremu.

Yalikuwepo. Magurudumu ya chini, mawili kila upande, mapya, yamekazwa kwa nati mbili mbili na pini juu yake. Aliyagusa moja baada ya jingine. Mtu asiyejua kosa lake hawezi kulirekebisha kwa uangalifu namna ile. Ackson alijua. Alijua siku ile uwanjani, na aliporudi kujenga alitubu. Ila alitubia chuma peke yake, mahali ambapo hakuna ambaye angelala chali kumsikia.

Alipotoka chini ya behewa, Ackson alikuwa amesimama hapo, na vijana wamesogea kusikiliza.

"Dada Felista, karibu. Tulikuwa tunasema bila wewe..."

"Jairo ni nani?"

Kijana mwenye kifua kipana alinyoosha mkono.

"Chukua gogo lako. Simama unapokuwa unasimama. Weka." Jairo aliinama, akalisukuma gogo nyuma ya gurudumu. "Usiondoe mkono. Sasa niambie, treni ikishuka na watoto ndani, kidole chako cha kwanza kitapitia wapi?"

Jairo alitazama mkono wake, kisha gurudumu la juu, kisha la chini. Aliutoa mkono taratibu, kama anautoa mdomoni mwa mbwa.

"Mama Tulia," kijana mwingine alisema, "si ulishapuliza maji? Sasa mbona inakwama?"

"Nilipuliza maji. Sikupuliza grisi." Alimgeukia Ackson. "Beringi zote zioshwe kwa dizeli, zitiwe oili nyepesi. Magurudumu ya pembeni yalegezwe hadi yazunguke kwa kidole. Hayo ni ya leo. Lakini hayatoshi. Nundu hii ikatwe."

"Ikatwe?"

"Ishushwe kimo cha mtu mzima. Treni iivuke ikiwa na nguvu ya kubakiza, mvua au jua, watoto au viazi."

Ackson aliangalia juu, kwenye kilele chekundu kilichozama ukunguni. "Ufunguzi ni kesho kutwa. Nimealika watu. Na nundu hii, dada... hii ndiyo jina langu."

"Najua," Felista alisema. "Mimi pia nilikuwa nalo."

Kuni zilipasuka motoni.

"Nitakusaidia kukata," aliendelea. "Nitachomelea nguzo zako moja baada ya moja, na hakuna hata moja itakayoachia. Lakini sishiki mashine kabla hujawaambia hawa kwa nini safari hii umeweka magurudumu ya chini."

"Tuongee pembeni."

"Siku ile hukunisema pembeni."

Ackson alishika ukingo wa behewa. Alikuwa na mvi ambazo Felista hakuziona uani kwake, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi, au kwa kitu kingine. "Niliogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu alikuwa chini, analia. Niliona pingu, nikaona kila kitu."

"Mimi pia niliogopa. Ila wewe ulibaki kuogopa ukiwa na jina zuri. Wasikie."

Ackson akawageukia vijana. "Treni ya Makandana," alisema, akasimama, akaanza upya. "Ile treni niliitoa magurudumu ya chini mimi mwenyewe. Yalikuwa yanapiga kelele. Kiungo cha Felista hakikuachia. Hakuna kiungo chake kilichoachia."

"Kumbe," alisema Jairo.

Basi. Kwa miaka minne Felista alikuwa ameiandaa saa hii: angecheka, angelia, angetema chini. Ilipofika ilikuwa ndogo kama nati mkononi. Hasira yake haikwenda popote. Ilikaa pale pale, kama kibarua aliyemaliza kazi na hajaambiwa aende nyumbani. Lakini aliwatazama wale vijana, akajua kwamba kabla ya jua kuzama maneno yale yatakuwa yamefika Bagamoyo na kurudi. Utingo mmoja anatosha kuliko redio.

"Leteni turubai," alisema. "Na mtu mwenye mikono mikavu."

*

Ackson alisimama mwenyewe mbele ya watu kutangaza kwamba ufunguzi umesogezwa. Felista alikuwepo, kwenye safu ya nyuma, akamsikiliza hadi neno la mwisho. Aliila aibu ile ya Ackson taratibu, hakuacha punje.

Kisha walikata nundu. Walishusha vipande viwili vya reli, wakavikunja upya kwa moto na nyundo, wakafupisha nguzo. Ackson alipima na Felista alichomelea, wakazungumza kwa maneno ya kazi tu: leta, shika, geuza, bado. Mara moja Ackson alisahau akamwita kwa jina lake la chuoni. Felista aliteremsha kinyago chake cha kuchomelea, akaendelea.

Wiki iliyokuja na baridi kuliko zote ndiyo aliyoichagua kwa jaribio. Alfajiri ilipopambazuka, ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mabehewa. Vijana walipakia viazi, lakini safari hii kwa kipimo cha watoto, nusu gunia kwa kiti, na Felista aliwafanya wayafunge magunia juu, usawa wa kifua, kwa kuwa uzito wa mtu haukai miguuni. Magogo yalikuwa yamekwisha kuwa kuni. Hakuna mtu aliyesimama katikati ya reli.

"Nani atakaa mbele?" Jairo aliuliza.

"Mimi," alisema Ackson, akapanda.

Felista aliizunguka treni, akazungusha kila gurudumu la pembeni kwa kidole kimoja. Halafu, bila kumwambia mtu, akapanda akaketi kando ya Ackson. Tulia, aliyekuwa amekuja kutazama, aliita, "Mama!" Hakugeuka.

Mnyororo ulikaza, ukawavuta. Chini yao ulimi wa chuma ulikuwa ukiangukia meno yake, tak, tak, tak, kila mlio ukiwazuia wasirudi walikotoka. Migomba ilishuka pembeni mwao. Paa za nyumba zikazama. Mbele, nundu ya pili, fupi sasa, ilitoka kidogo ndani ya ukungu ikajificha tena.

"Dada Felista," Ackson alisema. Alikuwa ameshika chuma cha mbele kwa mikono yote miwili, hakumtazama. "Bado una kinyongo nami?"

Meno yalikuwa yamebaki machache. Felista alihesabu sauti zake, akatulia kwenye kiti.

"Ninacho," alisema. "Funga mkanda."

Na mnyororo ukawaachia.